Mafuriko ya Kivu: setilaiti inaona ziwa, lakini mito ya milimani inaiponyoka

Kimo cha maji ya Ziwa Tanganyika kinapimwa kutoka angani tangu mwaka 1992. Setilaiti inapita juu ya ziwa, inatuma mawimbi ya rada, inahesabu muda yanaotumia kugonga maji na kurudi, na kutokana na muda huo watafiti wanapata kimo kwa kosa la sentimita chache tu. Setilaiti za kazi hiyo zimepokezana moja baada ya nyingine, na zile za mstari wa Jason zilirudi mahali pale pale kila siku 10. Tangu Desemba 2022 kuna pia SWOT, ya Marekani na Ufaransa, ambayo inapima eneo pana la maji kwa mara moja, pamoja na mito ambayo zile za zamani ziliiruka.

Kwa namna hiyo kupanda kwa ziwa mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, kulifuatwa hatua kwa hatua, wakati maji yalipoingia katika nyumba za Uvira, Kalemie na upande wa Bujumbura. Ziwa hilo linatoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, karibu na Kalemie. Mvua ikizidi misimu kadhaa, maji yanakusanyika polepole, kwa miezi. Familia inapata muda wa kuhamisha vitanda na magunia. Kwa ziwa, sayansi imefanya sehemu yake. Viwanja vilivyogawanywa kwenye ufuko ni jambo la ofisi za ardhi.

Kalehe ni habari nyingine.

Siku ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima inayoangalia Ziwa Kivu. Jioni, mito ilishuka na mawe, miti na udongo, ikafagia Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walihesabiwa wamekufa na maelfu hawakuonekana tena. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mto ulifanya vile vile Kasaba, wilaya ya Fizi, na viongozi wa huko walisema waliokufa wanapita 100. Uvira yenyewe ilikuwa imeonja jambo hilo Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika.

Kwa nini vyombo vinavyopima ziwa kwa sentimita havikuweza kuonya wakaaji wa Nyamukubi? Jibu liko katika namna mvua inavyopimwa kutoka juu. Setilaiti haikingi mvua katika chupa. Inaona mawingu. Zile zinazotuma picha kila dakika chache zinasoma baridi ya kilele cha wingu: wingu likiwa refu na baridi sana, hesabu inasema mvua ni kubwa. Lakini milimani upepo unasukuma unyevu kupanda miteremko, na mvua nyingi inaweza kutoka kwa mawingu ambayo si marefu sana. Hapo hesabu inapunguza mvua iliyonyesha kweli. Mpango wa kimataifa wa GPM, ulioanza 2014, umeongeza rada ya mvua angani, lakini ramani zake zinagawanya dunia kwa miraba ya kilometa kama 10 kila upande. Mraba mmoja unaweza kumeza bonde zima la Kalehe, kutoka mlimani mpaka ziwani. Toleo la kwanza la ramani hizo linatoka saa kama nne baada ya mvua. Mto wa mteremko haungoji saa nne.

Mwezi wa sita 2023, kikundi cha World Weather Attribution, ambacho kinachunguza kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia maafa fulani, kilijaribu kuchunguza mvua hiyo ya kuzunguka Ziwa Kivu. Kilikubali waziwazi kwamba hakingeweza kutoa jibu, kwa sababu ya upungufu wa data. Watu mamia walikufa, na sayansi haikuweza hata kusema kwa uhakika mvua iliyowaua ilikuwa ya namna gani.

Kinshasa inaonyesha tofauti hiyo katika mji mmoja. Januari 2024 mto Congo ulifika mita 6,20, karibu na rekodi ya mwaka 1961. Maji hayo yalikuwa yakija kutoka mbali kwa majuma, na kwa mto wa namna hiyo vipimo vya setilaiti huko juu vinaweza kutangulia maji. Aprili 2025 ni mto Ndjili, mfupi, uliofurika baada ya mvua ya usiku, na makumi ya watu wakafa.

Wakati wa ukoloni bonde la Congo lilikuwa na mamia ya vituo vya kupima maji. Leo vimebaki vichache. Mettelsat, ofisi ya serikali ya hali ya hewa, inabeba setilaiti ndani ya jina lake, lakini upande wa mashariki, vita vimefanya hata safari ya kwenda kutengeneza kipimo cha mvua kuwa hatari. Setilaiti, kweli, haisimami kwenye barriere. Ndiyo sababu wafadhili wanaipenda, na ndiyo sababu pia ni rahisi kuitumia kama kisingizio cha kutoweka kitu chini.

Kwa Kalehe na Fizi, faida yake kubwa inaweza kuwa mahali ambapo haitajwi sana: kusema wapi, hata ikishindwa kusema saa ngapi. Picha za zamani zinaonyesha makovu ya maporomoko kwenye miteremko. Ramani za kimo cha ardhi, zilizochukuliwa kwa rada angani tangu mwaka 2000, zinaonyesha njia ambazo maji yatafuata. Vijiji vingi vya kando ya ziwa vimejengwa juu ya ardhi bapa ambayo mito yenyewe ilileta, mafuriko baada ya mafuriko. Kazi hiyo haihitaji haraka, inaweza kufanywa Bukavu, Kinshasa ao Bujumbura, na picha nyingi ni za bure.

Saa yenyewe itatoka mlimani. Ni kipimo cha mvua katika uwanja wa shule ao kituo cha afya huko juu, mtu wa kukisoma mvua ikiwa bado inanyesha, simu yenye kredi, na redio ya kijiji cha chini inayokubali kukata muziki ili kutangaza. Mvua zinarudi mwezi wa tisa.