Jasho la Mchoraji Lina Mwenyewe

Tarehe 31 Agosti 2009, kampuni ya Disney ilitangaza kwamba inainunua Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni, kwa dola bilioni 4 hivi. Wenye hisa wa Marvel walilipwa fedha taslimu, na juu yake wakapewa hisa za Disney. Nauliza: waliochora walipata nini?

Mtazame Jack Kirby, mchoraji wa Marvel. Yeye na mwandishi Stan Lee ndio waliowabuni mashujaa wa Fantastic Four mwaka 1961 na Black Panther mwaka 1966, yule yule tuliyemiminika sinemani kumtazama mwaka 2018, tukijivunia binti yetu Lupita Nyong'o. Kirby alilipwa kwa ukurasa. Ukurasa ukiisha, na haki yake imekwisha. Miaka ya 1980 alipodai arudishiwe karatasi alizozichora kwa mkono wake mwenyewe, aliletewa kwanza hati ndefu ya kujivua madai ili aitie sahihi. Alifariki mwaka 1994. Watoto wake wakahangaika mahakamani, wakashindwa mara mbili, hadi mwaka 2014 wao na Marvel walipopatana. Kweli, fadhila ya punda ni mateke!

Wala hakuwa wa kwanza. Mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster walimuuza mhusika wao Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Wengine wakatajirika, wao wakazeeka wakidai, na pensheni wakaipata mwaka 1975 baada ya makelele ya umma. Kila msikiti na kila kanisa hufundisha kuwa kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni dhambi. Je, dhuluma ikiandikwa katika mkataba hugeuka halali?

Enyi vijana wachoraji wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, Mungu amewajalia vipaji ambavyo fedha hainunui. Mbona basi mwaweka sahihi kabla ya kusoma? Mali bila daftari huisha bila habari. Uliza: mhusika huyu ni wa nani? Akitiwa kwenye filamu au fulana, fungu langu ni lipi? Mpelekee mwanasheria karatasi hiyo kabla hujaishika kalamu, maana majuto ni mjukuu.

Na sisi wasomaji tusijione watakatifu. Mtu huipokea katuni kwenye simu, akaikata ile pembe ya chini yenye jina la mchoraji, kisha akaisambaza kama yake. Huo ni wizi! Asiyeiba kuku wa jirani kwa nini aibe jina lake?

Wachapishaji, lipeni mirabaha na mwandike majina. Wasomaji, nunueni nakala zenu. Anayekula jasho la mwenzake ajue deni hilo halifi: asipodaiwa hapa duniani, atadaiwa mbele ya Mola.