Mechi Kwanza, Marekani Baadaye

Mtoto wa Dundori, katika eneo bunge la Bahati, Nakuru, mwenye mbio hahitaji kuelezwa njia. Barabara inayopanda kutoka Lanet kwenda Ol Kalou ndiyo uwanja wake, na akipiga muda mzuri anajua kwamba Jeshi, Polisi na Magereza wamekuwa wakiajiri wanariadha tangu enzi za babu yake. Mwenzake anayependa mpira wa kikapu, dawati moja naye katika shule ileile ya kutwa, hana ramani kama hiyo. Uwanja ukiwa wa udongo, mvua za nyanda za juu zikishanyesha mpira haudundi. Jioni kuna ng'ombe wa kukamua na viazi vya kupalilia. Hata akishinda hayo yote, bado kuna kizuizi ambacho hatukijadili vya kutosha: mfumo wenyewe wa mashindano ya shule.

Mpira wa kikapu wa sekondari huchezwa muhula wa kwanza, muhula ambao umejaa hoki, raga na mpira wa mikono. Timu huanzia mashinani, ikishinda inapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Ikishindwa mapema, msimu umekwisha. Mchezaji aliyetolewa Bahati mwezi wa pili hatacheza mechi nyingine ya maana hadi mwaka unaofuata. Akipita, kanda ya Bonde la Ufa inamkutanisha na shule za Kajiado, ikiwemo Laiser Hill ya Ongata Rongai, ambayo imewahi kutawala kikapu cha wavulana nchini. Sina ugomvi na Laiser Hill. Ilijenga timu kwa bidii na inastahili vikombe vyake. Ninachopinga ni kupima kipaji cha mtoto kwa mashindano ya siku chache dhidi ya shule iliyokusanya wachezaji kutoka kila pembe. Kikapu hufundishwa na mechi. Mchezaji hujifunza kusoma ulinzi wa wapinzani kwa kukosea mara nyingi mbele yao, na anayecheza mechi nne kwa mwaka hana nafasi ya kukosea.

Wanaotetea mfumo huu wana hoja nzito, na jina lake ni Madina Okot. Binti huyo wa Mumias alichezea shule ya Kaya Tiwi kule Kwale, akaenda Chuo Kikuu cha Zetech, kisha mwaka 2024 akavuka hadi Mississippi State na mwaka uliofuata akahamia South Carolina ya kocha Dawn Staley, mojawapo ya timu kubwa kabisa za wanawake katika vyuo vya Marekani. Kaya Tiwi si shule ya Nairobi. Iko Pwani mashambani, na ilifika kileleni kwa kushikilia kikapu mwaka baada ya mwaka. Hiyo inathibitisha kwamba shule ya kijijini inaweza. Lakini tazama pia alikotoka: ilimbidi msichana avuke nchi nzima, kutoka magharibi hadi baharini, ili apate timu. Nami najiuliza ni wangapi ambao wazazi wao hawakukubali, au hawakuwa na nauli.

Tena Okot ana urefu wa futi sita na nusu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika drafti ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, ana mita 2.21. Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyelelewa Kampala, alikuwa mrefu kupindukia tangu utotoni. Akapelekwa akademia ya NBA nchini Senegal, akachezea City Oilers ya Uganda katika ligi ya Afrika, akaenda Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 na kuishia Phoenix Suns. Nawapongeza wote. Hata hivyo, urefu huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mtu hahitaji mfumo ili kumwona kijana wa mita 2.18. Mfumo unahitajika kumwona yule wa mita 1.80 mwenye jicho la kutoa pasi, na ni huyo ambaye Dundori inaweza kumzaa kila mwaka pasipo mtu kujua.

Kwa nini nimjali ikiwa hataenda Marekani? Kwa sababu sasa kuna kazi nyumbani. Nairobi City Thunder iliamua kuwa timu ya kulipwa kikamilifu, na mwaka 2025 ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, ile iliyoanzishwa na NBA pamoja na FIBA na kuanza kuchezwa Kigali mwaka 2021. Timu za Bandari ya Mombasa, benki ya Equity na Ulinzi ya jeshi zimebeba wachezaji kwa miaka mingi. Nafasi bado ni chache, lakini zipo, na hazimtaki mtu awe jitu.

Mwalimu anayemwota mwanafunzi wake Marekani naye ajue jambo moja ambalo huumiza watu kimyakimya. Vyuo vya daraja la kwanza kule huhesabu muda tangu kijana amalize sekondari. Akikaa zaidi ya mwaka mmoja akicheza ligi kabla ya kujiunga, anaweza kupoteza misimu yake. Alama za mtihani pia zinaangaliwa. Kwa hiyo kumwacha kijana azurure miaka miwili baada ya KCSE akingoja bahati ni kumfungia mlango kwa mikono yetu.

Serikali itajibu kwamba suluhisho limekuja: tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wana mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni hatua njema. Lakini mkondo wa sayansi na teknolojia ndio uliolazimishwa katika kila shule, na shule zenye mikondo yote mitatu ni zile zenye majengo na walimu wa kutosha. Shule ndogo ya kutwa haimo. Mtoto wa Dundori ataambiwa ahamie bweni, na karo ya bweni tunaijua. Kipaji kitakuwa tena mali ya anayeweza kulipa.

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi. Eneo bunge la Bahati lina wadi tano: Dundori, Kabatini, Kiamaina, Lanet/Umoja na Bahati yenyewe. Kaunti ya Nakuru ijenge uwanja mmoja wa saruji katika kila wadi, mita 28 kwa 15, wenye vikapu imara, na iendeshe ligi ya Jumamosi katika mihula yote mitatu, wazi kwa shule zote na kwa waliomaliza kidato cha nne. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak wanaojua mchezo wapulize filimbi kwa posho. Matokeo na takwimu za kila mchezaji ziandikwe na kuwekwa hadharani, ili kocha wa Nairobi au Mombasa apate cha kusoma bila kungoja mashindano ya kitaifa.

Wapo watakaosema fedha za viwanja hivyo zitengeneze barabara za mashamba kwanza, maana viazi vinaozea njiani. Mkulima anayesema hivyo ana haki ya kusikilizwa, na sitamwambia kikapu kitamlisha. Nitamwomba tu alinganishe gharama ya sakafu moja ya saruji na kilomita moja ya lami, kisha aketi na binti yake waamue pamoja.