Wakikuambia "Hiyo Si Kazi Yangu," Waonyeshe Jedwali la Nne

Kuna maneno yamerudi tao, na safari hii vijana ndio wanayasema kwa sauti: "Kaunti imeshindwa. Serikali kuu ichukue Nairobi. Turudishiwe jenerali." Utayasikia kwa mathree, kwa kinyozi, na chini ya kila video ya mafuriko.

Hasira yenyewe naielewa. Pita River Road mvua ikinyesha hata nusu saa. Mitaro imeziba, maji meusi yanaingia madukani, mtu wa mkokoteni anasukuma magunia huku haoni anakanyaga nini. Na kanjo yuko pale pale, lakini hajaletwa na mtaro. Ameletwa na mama anayeuza soksi.

Sasa skiza. Hiyo dawa mnayoitaka tumeshainywa.

Tarehe 25 Februari 2020, gavana Mike Sonko aliingia Ikulu akatia sahihi hati ya kuhamisha kazi nne za kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, pamoja na mipango ya jiji. Mwezi uliofuata tukapewa NMS, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Baadaye Sonko mwenyewe alidai hadharani kwamba wakati wa kutia sahihi alikuwa amechanganywa na pombe. Jiji la watu milioni 4.4 kwa sensa ya 2019, na hayo ndiyo maelezo tuliyopewa.

Najua mtaniambia NMS ilifanya kazi. Kweli, ilifanya. Ilichimba visima mitaani, ikajenga hospitali, ikatengeneza njia za miguu katikati ya jiji. Sikatai. Swali langu ni moja tu: ungekuwa hujaridhika, ungemfanya nini Badi? Jina lake halikuwahi kuwa kwa debe. MCA wako hangeweza kumng'oa. Juni 2020 mahakama ya masuala ya kazi ilisema NMS iliundwa kinyume cha sheria, ikatoa siku 90 mambo yanyooshwe. Septemba hiyo hiyo Badi akala kiapo cha kuketi na Baraza la Mawaziri. Yaani wewe wa Kangemi ulipiga kura 2017, halafu aliyeamua mtaro wako utafunguliwa lini ni mtu aliyeteuliwa na mtu mwingine.

Watetezi wa NMS hupenda kutaja Kifungu cha 187 cha Katiba. Sawa, tukisome basi. Kinasema serikali moja inaweza kuipa nyingine kazi yake kwa makubaliano, kama hiyo nyingine itaifanya vizuri zaidi. Lakini hakiishii hapo. Kinasema pia kwamba wajibu wa kikatiba unabaki kwa ile serikali iliyopewa kazi hiyo tangu mwanzo. Kazi inaweza kuhama, lakini wa kulaumiwa hahami. Kwa hivyo gavana yeyote anayekwambia "hiyo niliwapa wale" anakudanganya, na wale wanaochukua kazi wakijua lawama itabaki City Hall wamepata mteremko.

Na kama kaunti imeoza kabisa? Katiba ilifikiria hilo pia, Kifungu cha 192. Rais anaweza kuisimamisha serikali ya kaunti, lakini kwanza tume huru ichunguze, halafu Seneti ikubali. Na usimamishaji wenyewe hauzidi siku 90. Siku hizo zikiisha, wananchi wanarudi debeni. Hiyo ndiyo adhabu kali zaidi iliyomo, na inaishia kwako wewe mpiga kura. NMS ilikaa zaidi ya miaka miwili bila kukuuliza chochote.

Halafu hili si jambo jipya. Tulipata uhuru 1963 na katiba ya majimbo. Kufikia mwisho wa 1964 majimbo yalikuwa yameondolewa meno. Mwaka wa 1983 serikali ya Moi ikavunja baraza la jiji la Nairobi na kuweka tume ya kuteuliwa. Ilikaa mpaka 1992. Miaka tisa wazazi wetu waliishi hapa bila diwani wa kumpigia kelele. Muulize mzee yeyote aliyefanya biashara River Road miaka hiyo kama taka zilikuwa zinabebwa kuliko sasa.

Wasee, kuna kitu hakisemwi sana: huu mvutano unawafaa wote wawili. Kaunti ikishindwa, inasema haikupewa doo. Serikali kuu ikibanwa, inasema hiyo ni kazi iliyogatuliwa. Na pesa ni kweli zinachezewa. Katiba inasema kaunti zote zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu inafanywa kwa vitabu vya mwisho vilivyokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Bunge likichelewa kuvipitisha, asilimia inapigwa kwa mapato ya miaka ya nyuma, halafu unatangaziwa asilimia kubwa inayopendeza masikio. Mwaka wa 2024, baada ya sisi kuingia barabarani na Mswada wa Fedha kuondolewa, kaunti zilikuwa zimeahidiwa shilingi bilioni 400.1. Zikaishia na bilioni 387.4. Tulisema wapunguze matumizi yao. Wakakata pia pesa za zahanati na mitaro.

Lakini City Hall wasijifiche nyuma ya hayo. Nairobi ndiyo inaongoza kaunti zote kwa madeni ambayo haijalipa. Ada za maegesho na leseni za biashara ni zao, wanazikusanya kila siku hapo tao. Mtaro wa River Road haujazibwa na Hazina ya Kitaifa.

Mnakumbuka Februari 2025? Kenya Power, kampuni ambayo serikali kuu ndiyo mwenye hisa nyingi, ilikata stima za kaunti ikidai zaidi ya bilioni 3. Kaunti nayo ikasema inadai Kenya Power karibu bilioni 5 kwa nyaya na nguzo zinazopita kwenye ardhi yake. Jibu la kaunti likawa lori za taka kumwagwa mbele ya Stima Plaza, huko Ngara. Taka ile ile ambayo mtaani unaambiwa hakuna lori la kuibeba! Kifungu cha 6 kinasema serikali hizi mbili zinategemeana na zifanye kazi kwa kushauriana na kushirikiana. Kifungu cha 189 kinasema zikikosana, zitafute suluhu kwa mazungumzo na upatanishi. Wao wakashauriana kwa kutumia takataka.

Ndio maana nasema shikeni Jedwali la Nne. Hii ni orodha tu, lakini ndiyo risiti yako. Taka, mitaro ya maji ya mvua, taa za barabarani, stage na maegesho, soko, leseni ya duka, zima moto, zahanati, chekechea: kaunti. Polisi, shule ya msingi, chuo kikuu, hospitali kuu kama Kenyatta, barabara kuu kama Waiyaki Way: serikali kuu. Ukipigwa ngeta River Road usiku kwa sababu taa hazifanyi, unadai wawili. Taa ni za gavana. Askari ambaye hakuwepo ni wa serikali kuu. Usikubali mmoja akutume kwa mwingine.

Tulipitisha hii Katiba Agosti 2010 ndio maamuzi ya mtaro yatoke karibu na mtaro. Imefanya kazi vibaya Nairobi, ndiyo. Lakini gavana mbaya ana tarehe ya kuisha: Agosti 2027. Kabla ya hapo anaweza kung'olewa na Bunge la Kaunti pamoja na Seneti, kama Sonko alivyong'olewa Desemba 2020. Mtu aliyeteuliwa na Ikulu hana tarehe unayoijua wewe.

Kwa hivyo jua jina la MCA wako. Kifungu cha 196 kinalazimisha Bunge la Kaunti kufanya vikao mbele ya umma na kukushirikisha. Bajeti ya mitaro inapitishwa pale. Tunaweza kujaza barabara kwa sababu ya mswada wa kitaifa. Tukijaza pia ukumbi wa City Hall siku ya bajeti, watashtuka.

Na yule beshte yako anayetaka jenerali arudi, mtumie hii. Muulize jenerali akikosea, yeye atampeleka wapi.