Gari Kuukuu: Kwanza Lisimame, Ndipo Likimbie

Ikifika jioni ya Idd, barabara ya Mama Ngina mjini Mombasa hujaa magari kuliko siku zote. Mna familia zilizobanana viti vya nyuma, mna watoto waliovaa nguo mpya, na katikati yao mna vijana wetu katika magari yao ya kwanza, mara nyingi Toyota Corolla au Nissan Sunny lenye umri sawa na wa mwenyewe. Utalisikia gari hilo kabla hujaliona. Ekzosi imetobolewa ili ingurume, springi zimekatwa hata tumbo lakaribia kugusa lami, na rimu zang'ara kama sinia za harusi.

Hatuwalaumu vijana kwa kulipenda gari. Mtu aliyedunduliza mishahara yake mpaka akapata chombo chake mwenyewe ana haki ya kukipamba. Wala si aibu kwamba gari ni kuukuu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika zaidi ya miaka 8, kwa hivyo yale ya miaka ya 1990 ni yale yaliyokwisha kuwapo hapa, yakipita mkono kwa mkono. Bei yake yafikika, vipuri vyake vyapatikana, na fundi yeyote ayajua. Kwa mwanzo wa maisha ni gari jema.

Neno letu ni juu ya pesa zinapoanzia kutumika. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alilipeleka Corolla lake gereji akitaka liongezwe mbio. Fundi, mtu mzima wa makamo, akamwuliza, "Mwanangu, likikimbia, litasimama?"

"Breki ziko, ami," akajibu kijana.

Fundi akavua gurudumu la mbele. Pedi zilikuwa zimekwisha, chuma chakaribia kusaga chuma. Kisha akamwonyesha tarakimu 4 zilizopigwa ubavuni mwa tairi: 2211. Maana yake ni kwamba tairi lile lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2011. Kashata zake zilikuwa bado nzuri, lakini mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Kijana hakusema neno.

Na tuangalie mambo yenyewe yalivyo. Corolla la aina ile iliyotoka Japani mwaka 1991, lenye injini ya lita 1.5, lilikuwa na nguvu za farasi kama 100 lilipokuwa jipya, na uzito wake ni kama tani moja. Nguvu hizo zatosha sana. Shida ni kwamba baada ya miaka 30 nyingi zimepotea njiani: chujio la hewa limejaa vumbi, plagi zimechakaa, petroli haipiti sawasawa, upepo wa matairi ni haba, na pengine breki moja imeng'ang'ania ikilivuta gari nyuma mchana kutwa. Fundi hodari hupima kwanza mgandamizo wa kila silinda. Zikiwa sawa, matengenezo ya kawaida yatarudisha nguvu kuliko ekzosi yoyote ya kelele. Kutoboa ekzosi ya injini ndogo kama hiyo huongeza farasi wachache tu, ikiwa kutaongeza, lakini huamsha mtaa mzima. Debe tupu haliachi kuvuma.

Ama mbio, zina hesabu yake. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, hupita kama mita 14 kila sekunde. Likienda 100, hupita kama mita 28, kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Tena mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki kulisimamisha huzidi mara nne. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu polepole. Yasipobadilishwa kila miaka miwili hivi, huchemka breki zikipata moto, na kanyagio likazama bila kushika. Springi zikikatwa, gurudumu halina nafasi ya kupanda na kushuka, na shokomzoba hufa upesi katika mashimo yetu.

Wenye kiwanda walijua hayo. Walipoitia Corolla injini yenye nguvu zaidi, hawakuacha breki zile zile za gari la kawaida. Vijana wetu hutaka injini ya gari moja na breki za jingine, nao husahau kwamba injini iliyobadilishwa yapasa kuandikishwa upya, na kwamba kampuni ya bima isiyoambiwa yaweza kukataa kulipa siku ya balaa.

Sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Hakuna nahodha mwenye akili anayeongeza tanga juu ya chombo kilichooza mataruma. Kwanza hukipandisha pwani, akakikalafati, akagonga kila ubao. Tanga kubwa juu ya chombo kibovu halimfikishi mtu bandarini, humfikisha chini ya maji.

Basi maoni yetu ni haya. Pesa ya kwanza iende kwenye matairi, breki na usukani. Ya pili iende kwenye shokomzoba na springi nzima. Ya tatu iirudishie injini afya yake. Ikibaki ya nne, na gari limekwisha kutulia barabarani, hapo kijana aongeze farasi apendavyo, kwa idhini na kwa fundi anayejua. Mafundi nao wasikubali kila watakaloombwa. Mwenye kuwa na ujasiri wa kumwambia mteja "hapana" amemwokoa kijana, na amemwokoa pia yule asiyejua lolote, mtoto anayevuka barabara siku ya Idd ameshika mkono wa mamake.

Na wazazi, mkiulizwa mchango wa gari la kwanza, msinunue rimu. Nunueni matairi.