Damu ya Guangzhou: Nani Aliyetoa Amri?

Mji wa Guangzhou wengi wetu tunaujua kwa bidhaa zilizojaa madukani. Wachache wanajua yaliyotokea huko Desemba 1927, na miongoni mwao wako wanaoyasifu maasi yale ya Wakomunisti kwa hoja moja tu: kwamba waliouawa walikuwa mashujaa. Sisi tunasema: ushujaa wa aliyeuawa haumtakasi aliyemtuma.

Alfajiri ya tarehe 11, wafanyakazi wenye silaha haba pamoja na askari wa kikosi cha mafunzo waliteka sehemu kubwa ya mji na kutangaza serikali yao. Majeshi mengi ya Jenerali Zhang Fakui yalikuwa nje ya mji, nao wakaona ndiyo fursa. Lakini fursa si maandalizi. Ye Ting, aliyekabidhiwa uongozi wa vita, aliwasili saa chache tu kabla ya maasi. Wafanyakazi walio wengi hawakuinuka. Ye Ting akanasihi waondoke mjini mapema. Heinz Neumann, Mjerumani wa miaka 25 aliyetumwa na Kominterni kutoka Moscow, akaikataa rai hiyo. Tarehe 12 kiongozi wa maasi, Zhang Tailei, akauawa. Tarehe 13 mambo yakawa yamekwisha, na waliouawa wakakadiriwa kuzidi 5,700.

Watasema: mbona huko Shanghai, Aprili mwaka ule ule, Chiang Kai-shek aliwachinja kabla hawajamwasi? Ni kweli, na dhulma ile, kama hii ya Guangzhou, haina udhuru mbele yetu. Lakini kujihami ni jambo moja, na kumsukuma mnyonge kwenye mizinga ni jambo jingine.

Tena tuangalie natija. Neumann alitoka salama. Aliyetupiwa lawama ni Ye Ting, yule yule aliyenasihi! Na mwaka 1937 Neumann mwenyewe akapigwa risasi kwa hukumu ya hao hao wa Moscow aliowatumikia. Anayezoea kuhesabu roho za watu kama senti, hata mtumishi wake humtia katika hesabu.

Leo mjini humo ipo bustani ya makaburi ya waliokufa. Kuwaheshimu ni haki yao. Lakini heshima iliyo kubwa zaidi ni kuuliza: nani aliyewaamrisha, naye alisimama wapi damu ilipomwagika? Kila anayewaita watu kwenye mauti na aulizwe hivyo kabla hawajatoka majumbani mwao, si baada ya kuzikwa.