Mafunzo ya Usalama Kazini Yaanze kwa Meneja

Kila ifikapo Aprili 28, Siku ya Kimataifa ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, picha za magazetini hufanana. Vijana wamevaa kofia ngumu na vizibao vinavyong'aa, mmoja ameshika mtungi wa kuzimia moto, wengine wanamfunga bandeji mwenzao anayejifanya kaumia. Meneja naye yumo, ameketi meza kuu akisubiri kugawa vyeti. Yeye hapewi cheti, kwa kuwa hakuna alichofundishwa. Wengi wetu tunauona mpangilio huo kuwa wa kawaida. Mimi nauona kuwa ndiyo kasoro kubwa ya mafunzo ya usalama katika viwanda na maeneo ya ujenzi: anafundishwa anayeumia, anaachwa anayeamua.

Wataalamu wa usalama kazini huzipanga njia za kudhibiti vihatarishi kwa ngazi. Ya kwanza na bora ni kuiondoa hatari yenyewe. Zinafuata kutumia kitu kisicho na madhara makubwa badala ya chenye madhara, kuweka kinga kwenye mtambo, na kupanga upya utaratibu wa kazi. Vifaa kinga, yaani glovu, barakoa na kofia, viko mwisho kabisa, kwa sababu huiacha hatari palepale na kumtaka mtu aivumilie. Sasa tujiulize, nani mwenye uwezo juu ya ngazi hizo? Fundi wa kiwanda cha mbao anaweza kuvaa barakoa, lakini hawezi kuidhinisha ununuzi wa mtambo wa kufyonza vumbi. Kibarua aliye juu ya jukwaa anaweza kufunga mkanda, ila tarehe ya kukabidhi jengo haipangi yeye. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa ya kazini, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni magonjwa: athari za vumbi, za kemikali, za saa nyingi mno za kazi. Hayo huamuliwa kwenye bajeti na ratiba, miaka mingi kabla mgonjwa hajaanza kukohoa.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Bangladesh. Aprili 23, 2013 nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, eneo la Savar nje ya Dhaka, lenye viwanda vya nguo kwenye ghorofa za juu. Watu walitolewa nje, na mhandisi aliyeitwa kulitazama alishauri lisitumike. Benki iliyokuwa humo iliwaambia wafanyakazi wake wabaki nyumbani. Viwanda vya nguo vilikuwa na oda za kupeleka Ulaya na Marekani, hivyo asubuhi iliyofuata mafundi cherehani waliamriwa kuingia, baadhi wakitishiwa kunyimwa mshahara. Umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, na kabla ya saa tatu asubuhi jengo likaporomoka. Watu zaidi ya 1,130 walikufa. Wafanyakazi wale hawakukosa elimu ya usalama. Waliziona nyufa na wengi walikataa kuingia mpaka walipotishwa. Jengo lilikuwa moja na nyufa zilikuwa zilezile, lakini wa benki walinusurika na wa viwandani wakazikwa. Kilichowatenganisha ni uamuzi wa wakubwa wao.

Atatokea wa kusema kwamba ile ilikuwa tamaa, na tamaa haina darasa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tazama jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, Julai 6, 1988. Pampu moja ilikuwa kwenye matengenezo na vali yake ya usalama imeondolewa. Taarifa hiyo haikuwafikia wa zamu ya usiku, wakaiwasha. Gesi ikavuja, ikalipuka. Majukwaa jirani ya Claymore na Tartan, yaliyounganishwa nalo kwa mabomba, yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku moto ukionekana, kwani wakuu wake walisita kusimamisha uzalishaji kwa mamlaka yao wenyewe. Walikufa watu 167. Uchunguzi rasmi wa ajali hiyo, ulioongozwa na Lord Cullen, ulibaini kwamba wakuu hao hawakuwa wameandaliwa kwa dharura ya namna ile. Hawa hawakuwa wakatili. Walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuwahi kuzoezwa kufanya uamuzi ghali kwa haraka, na hilo hasa ndilo linalofundishika.

Pingamizi linalosikika zaidi hapa kwetu ni kwamba kampuni ina ofisa usalama, kwa hiyo meneja aachwe afanye kazi yake. Ofisa huyo mara nyingi yuko chini ya meneja huyohuyo, na hawezi kumzuia anapotaka mashine iliyotolewa kinga iendelee kuzunguka ili oda iishe. Wengine hulalamikia gharama, ingawa sijui mzalishaji ambaye hajawahi kulipa siku za mtambo kusimama baada ya mtu kukatwa vidole. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la tatu: mafunzo ya wakubwa yatageuka semina ya hotelini, chai na vitafunio, posho, kisha cheti ukutani. Hatari hiyo ipo. Itakuwa hivyo ikiwa meneja atakalishwa kusikiliza vifungu vya sheria. Afadhali apewe mzigo unaotakiwa bandarini kesho, boila iliyopitisha tarehe ya ukaguzi na fundi anayesema hapana, kisha aulizwe anafanyaje na aandike sababu zake.

Sheria tunazo. Ya Tanzania ni ya mwaka 2003, nayo inamtwisha mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa watu wake. Ya Kenya ya mwaka 2007 inadai kamati ya usalama na afya pale penye wafanyakazi 20 au zaidi. Lakini mwajiri wa kwenye sheria kiwandani ana sura ya meneja, na meneja huyo hupandishwa cheo kwa kufikia malengo ya uzalishaji. OSHA, inayosajili na kukagua maeneo ya kazi Tanzania, inaweza kuanzia hapo bila kusubiri sheria mpya. Mkaguzi anapofika, faili la ofisa usalama lisubiri kwanza. Amwite meneja, amwombe aeleze vihatarishi vitatu vikubwa vya eneo lake, kiasi alichotenga mwaka huu kuvipunguza, na mara ya mwisho aliposimamisha kazi kwa ajili ya usalama. Akishindwa kujibu, jina lake liingie kwenye ripoti, na nakala iende kwa bodi iliyomwajiri.