Bangili ya Bibi na Dirisha la Kamala



Filamu ya The Marvels ilipotoka mwezi wa Novemba 2023, magazeti mengi yaliizungumzia kwa hesabu ya fedha. Iligharimu zaidi ya dola milioni 200 na kuingiza takriban dola milioni 206 duniani kote, kiasi kidogo kuliko filamu nyingine yoyote ya mfululizo huo wa mashujaa wa Marvel. Waigizaji wake walikuwa katika mgomo tangu Julai, na mgomo ukamalizika siku moja tu kabla ya filamu kufunguliwa Marekani, hivyo hawakupata nafasi ya kutosha ya kuinadi kazi yao. Hesabu hizo tunawaachia wenyewe. Lililotushughulisha sisi ni kwamba katika wanawake 3 wanaoibeba filamu hiyo, mmoja ni binti wa Kiislamu: Kamala Khan, msichana wa shule wa mji wa Jersey City, mwenye baba, mama, kaka na msikiti wake.

Kamala hakuzaliwa na filamu. Alitokea kwanza katika vitabu vya katuni mwaka 2013, akapata kitabu chake mwenyewe mwaka 2014. Walioshirikiana kumbuni ni pamoja na mhariri Sana Amanat, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, na mwandishi G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu katika ujana wake na kuwahi kuishi Misri. Katika vitabu hivyo, vazi lake la kishujaa alilitengeneza kutokana na vazi lake la kuogelea la stara. Mwaka 2022 ikafuata tamthilia ya televisheni, Ms. Marvel, yenye vipindi 6, akiigiza Iman Vellani, binti aliyezaliwa Karachi na kulelewa Canada. Mwenye kuitazama filamu pasi na tamthilia ni kama aliyeingia barazani mazungumzo yamefika katikati; atacheka wanapocheka wenzake, lakini hatajua kisa.

Na kisa chenyewe kinaanza na ruhusa. Kamala anataka kwenda usiku kwenye mkutano wa wapenzi wa mashujaa, akiwa amevaa kama Captain Marvel, ambaye anamhusudu kupita kiasi. Wazazi wanakataa. Kisha wanafikiri tena, wanarudi na shauri lao: ataenda, lakini pamoja na babake, nao wawili watavaa kama Hulk, lile jitu la kijani. Mama amekwishashona vazi la stara la binti. Baba, Yusuf, amejipaka rangi ya kijani mwili mzima, uso unang'aa kwa furaha. Binti anaona haya. Anawajibu kwa maneno makali, na uso wa yule baba unabadilika mbele ya macho yetu. Usiku ule Kamala anatoroka kupitia dirishani.

Tumeona filamu nyingi zinazomchora mzazi wa Kiislamu kama mlango uliofungwa. Hapa mzazi amekuja mpaka nusu ya njia, amejipaka hata rangi, na aliyekataa kupokea mkono ni mtoto. Mama Muneeba ni mkali, ndiyo. Lakini ukali wake una historia, kwani yeye mwenyewe alikuwa na ugomvi wa miaka na mamake, Bi Sana wa Karachi, na nyuma ya Bi Sana kuna mwaka 1947, Bara Hindi lilipogawanywa, na watoto waliopotezana na wazazi wao katika umati wa watu wanaokimbilia garimoshi. Bangili inayoamsha nguvu za Kamala imetoka huko, kwa mama mzaa bibi. Tulipenda kwamba nguvu ya msichana huyu imefungwa katika pambo la mkononi lililorithiwa upande wa kikeni. Na mwisho wa tamthilia, anayemkabidhi vazi lake rasmi, la buluu na nyekundu lenye mtandio, ni yule yule mama. Baba naye anamweleza maana ya jina lake, linalotokana na neno la Kiarabu ambalo sisi pia tunalo kila siku midomoni: kamili.

Lipo jambo moja ambalo hatukuridhika nalo, na mama asiliache lipite. Kipindi cha 3 kinawaleta watu wa ulimwengu mwingine, wahenga wa Kamala, na kusema kwamba miongoni mwa majina waliyoitwa ni majini. Majini kwetu sote ni viumbe waliotajwa katika Qur'ani, wenye sura yao wenyewe humo. Si jina la kuazima ili hadithi iwe na ladha ya mashariki. Hata Kamala mwenyewe anababaika kulisikia, na tamthilia inaliacha jambo hilo hewani. Mtoto wa miaka 9 atauliza. Afadhali amwulize mamake.

Kwa upande mwingine, msikiti umeonyeshwa kama msikiti: viatu vinaibwa mlangoni, upande wa wanawake umechakaa, na rafiki yake Nakia, mwenye hijabu, anagombea nafasi katika kamati ili upande huo utengenezwe. Maafisa wa serikali wanapofika kupekua, wanadaiwa kibali cha mahakama. Akina mama wangapi watayaona hayo ya viatu na kapeti bila kutabasamu?

Sasa filamu yenyewe. Captain Marvel, Monica Rambeau na Kamala wanajikuta kila mmoja akitumia nguvu zake anabadilishana mahali na mwenzake, hata vita vya angani vinaangukia sebuleni kwa akina Khan, na familia inapigana kwa chochote kilicho karibu. Ni dakika za furaha tele. Mwelekezi, Nia DaCosta, anajua kuchekesha. Paka wa filamu hii peke yao wanatosha kuwaweka watoto kimya. Sayari ambako watu huzungumza kwa kuimba haikutupendeza, wala ile ndoa ya kisheria iliyofanywa mzaha huko.

Lakini ndani ya mzaha huo mna jambo zito. Dar-Benn, adui wa hadithi, anaiba hewa ya sayari moja na maji ya nyingine kwa sababu sayari yake, Hala, inakufa. Na inakufa kwa nini? Kwa sababu Captain Marvel aliuvunja utawala wake akidhani amewakomboa watu, kisha akaondoka. Wakabaki na vita vya wenyewe kwa wenyewe, jua likififia. Huko hawamwiti shujaa, wanamwita mwangamizi. Kamala, aliyepamba chumba kizima kwa picha zake, anayasikia hayo akiwa kando yake. Monica naye ana lake: alipokuwa mtoto aliahidiwa na huyu huyu "shangazi" kwamba atarudi, na hakurudi, hata mamake akafariki.

Hapo ndipo filamu ilipotuvunja moyo kidogo. Ina dakika 105 tu, na wakaazi wa Hala hatuwajui kwa karibu isipokuwa Dar-Benn. Jua lao linawashwa upya katika dakika za mwisho, upesi kama taa ya chumbani. Lau wangetupa robo saa mitaani mwa Hala, tungeelewa hasira ya mwanamke yule.

Onyesho moja limesalimika na haraka hiyo. Wakimbizi wanapakiwa vyomboni, hewa inawaishia, na Kamala analilia wengine zaidi waokolewe. Captain Marvel anamwambia waokoe wanaowezekana. Vyombo vinaondoka. Uso wa Iman Vellani katika sekunde zile ndio uigizaji bora wa filamu nzima, na binti yeyote aliyekuwa akitamani nguvu za kuruka angani atauona.

Kwa familia zitakazotaka kuitazama: Marekani filamu imewekewa alama ya PG-13, yaani wazazi watahadhari na walio chini ya miaka 13. Anzeni na tamthilia, kipindi kimoja kwa usiku baada ya isha, na usiku wa kipindi cha 3 mama asiwe jikoni.